Umeshaaga kazini, barua inasema mengine

Wadogo zangu, sogeeni. Mmoja wenu kaniandikia saa nane usiku, nami nawasomea kwa kifupi kwa sababu najua hayuko peke yake.

"Dada, nimepata kazi mpya. Kwenye simu waliniambia milioni moja na laki mbili mkononi, majaribio miezi mitatu. Jumatatu nikapeleka notisi. Bosi alisikitika, wenzangu wakaanza kuchanga hela ya keki. Jumatano barua ya ajira ikaingia, nikaisomea kwenye daladala. Imeandikwa milioni moja na laki mbili ghafi, majaribio miezi sita, bima ya afya baada ya majaribio. Wanataka saini kabla ya Ijumaa. Naona aibu kuwauliza, wataniona mpenda hela. Na kurudi kwa bosi ndiyo aibu zaidi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, ile methali ya mbachao na msala upitao utaimbiwa na shangazi zako. Mimi sikuimbii, maana nami niliwahi kuutupa mbachao wangu. Siku ya kwanza kazini nilipewa karatasi za kusaini pale mapokezi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikaona cheo na posho si vile tulivyoongea. Nikajisemea, "Nikishaingia tutaongea." Nikasaini. Mwisho wa mwezi ujumbe wa benki ukanikuta dukani kwa Mangi. Nikaisoma ile namba mara mbili, kisha nikamwomba arudishe chupa ya mafuta, anipe ya kupima. Kesho yake nikaenda kuuliza. Dada wa rasilimali watu alifungua faili, akaigeuza karatasi upande wangu, akaweka kidole juu ya saini yangu. Hakusema neno. Nilikwepa aibu ya dakika tano, ikanila mwaka mzima.

Kwa hiyo usisaini, na usigombe. Chukua kikokotoo kwanza.

Kwenye ghafi ya 1,200,000, NSSF ya asilimia 10 inaondoka na 120,000. Inabaki 1,080,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 152,000. Mkononi unabaki na 928,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayoondoka pia. Umeona? Neno moja tu, "ghafi", limebeba 272,000 zako kila mwezi.

Sasa geuza hesabu. Ili mkononi ubaki na 1,200,000 kabla ya mkopo, ghafi inatakiwa iwe karibu 1,632,000. Ijue namba hiyo kabla hujazungumza nao, maana ndiyo unayowadai. Wala usianze na neno "mmenidanganya". Mara nyingi anayepiga simu ni mmoja na anayeandaa barua ni mwingine, naye kachukua barua ya mtu aliyepita, kabadilisha jina na tarehe. Kosa kama hilo hurekebishwa asubuhi moja, ilimradi mtu aulize.

Kuhusu majaribio, usimalizie nguvu zako hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hata wakikuandikia miezi mitatu, kinga yenyewe inasubiri sita. Kinachokuuma kweli ni bima kusubiri majaribio yaishe. Omba bima ianze siku ya kwanza. Hilo lina faida kuliko kuvutana kuhusu miezi.

Andika leo, kwa barua pepe, usipige simu. Simu ndiyo iliyokufikisha hapa. Andika hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa barua ya ajira, na niko tayari kujiunga nanyi. Kabla ya kusaini naomba ufafanuzi. Tulipozungumza kwa simu, mshahara ulitajwa kuwa 1,200,000 baada ya makato. Barua inasema kabla ya makato. Majaribio yalitajwa miezi mitatu. Barua inasema sita, na bima inasubiri yaishe. Naomba kujua lipi ni sahihi. Kama ni yale ya kwenye simu, naomba nitumiwe barua iliyorekebishwa."

Basi. Usijieleze habari za kodi ya nyumba wala ada ya mdogo wako. Anayeomba ufafanuzi haombi msaada.

Wakijibu, "Ni kweli tumekosea, saini tu, tutarekebisha ukifika," cheka nao, ushukuru, kisha useme utasubiri barua mpya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakisema mshahara hauongezeki, omba kingine: bima mapema, nauli, au sentensi moja inayosema mshahara utapitiwa tarehe fulani na kufika kiasi fulani. "Tutaangalia baadaye" si tarehe.

Na wakikataa yote? Linganisha 928,000 na unachopata sasa mkononi, ukiondoa nauli na dawa utakazojinunulia hadi bima ianze. Bado inazidi? Nenda kwa macho yaliyo wazi. Haizidi? Kamwone bosi.

Hapo ndipo unapotetemeka, najua. Lakini hesabu siku. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, notisi ya kisheria si chini ya siku 28, na wewe umepeleka Jumatatu. Kiti chako bado kina joto. Bosi halazimiki kukurudisha, kwa hiyo nenda mapema, kabla hajampigia mtu mwingine. Nenda mwenyewe, asubuhi, kabla ya vikao. Mwambie, "Masharti niliyoandikiwa si niliyoahidiwa. Kama nafasi yangu bado ipo, naomba kuondoa notisi yangu." Akikubali, nalo liwe kwa maandishi. Akikataa, umepoteza dakika tano na bado mezani una barua moja ya kuamua.

Ukianza kazi, hakikisha una nakala ya masharti yako. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, saa zako, mshahara wako na marupurupu. Wakilipa pungufu ya kilichoandikwa, mlango upo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Usikae miezi ukinung'unika, maana madai ya namna hiyo yana siku 60 tu.

Nanyi mnaosikiliza huku mkijisemea "mimi bado sijaaga", barua ya kuacha kazi ni ya mwisho kutoka. Kwanza barua ya ajira ifike, uisome ukiwa umekaa, isainiwe pande zote mbili. Akikuharakisha mtu, mwambie kuna notisi ya kutumikia. Atakuelewa, naye angependa umuage vivyo hivyo siku ukimwacha.

Haya mdogo wangu, tuma hiyo barua pepe kabla hujalala. Keki acha wainunue. Ukibaki, mtaila vilevile.