Hawala ya Posta Ilivyovuka Bahari

Wanafunzi wenzangu, sisi tuliozoea M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hudhani pesa zimekuwa zikiruka hewani tangu zama za mababu. Waulizeni wazazi. Wengi wao walilipiwa karo kwa manioda, yaani hawala ya posta, na foleni ya dirishani haikuwa mchezo! Lakini hawala yenyewe ina safari ndefu, na leo nataka tuitazame pale ilipolazimika kuvuka bahari.

Posta ya Uingereza ilichukua kazi hii mwaka 1838 kutoka kwa makarani wake, ambao walikuwa wakiifanya kama biashara yao tangu mwaka 1792. Siri ya hawala ilikuwa karatasi mbili. Mtumaji alilipa pesa, akapewa hati, naye akaitia katika barua. Posta nayo ilituma taarifa yake kando, yenye jina la mtumaji. Mpokeaji alipofika dirishani aliulizwa, "Ni nani amekutumia?" Aliyeokota hati njiani alikwama papo hapo.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vita vya Crimea. Askari pale Scutari walikuwa wakiinywa mishahara yao. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu, akaanza kupokea pesa zao mwenyewe na kuzituma kwao. Lord Panmure, waziri wa vita, hakuamini. Eti askari si mtu wa kutuma pesa nyumbani. Hata hivyo, ofisi za hawala zilifunguliwa huko mapema mwaka 1856, na katika miezi 6 zikatumwa pauni 71,000. Waziri alibaki na maneno yake.

Canada ilifuata mwaka 1859, kisha makoloni mengine. Na hapa ndipo penye kazi. Karani wa kijiji Uingereza atajuaje kama sahihi ya mwenzake wa ng'ambo ni ya kweli? Dawa iliyozoeleka ikawa ofisi kuu mbili, moja kila upande. Ofisi kuu ya koloni iliandika orodha: nani ametuma, kiasi gani, kwa nani, wapi. Orodha ikapanda meli, na nakala yake ikafuata kwa meli nyingine, maana meli huzama. Ilipofika, ofisi kuu ya upande wa pili iliandika hawala mpya ya kawaida, ambayo karani wa kijiji aliijua vizuri.

Je, sarafu zilisafiri? La, si kwa kila mtu. Chukua mfano: watu wa koloni wametuma pauni 900, wa Uingereza wametuma 200. Kila posta inawalipa watu wake kutoka sanduku lake, halafu koloni inadaiwa tofauti tu, pauni 700. Na mara nyingi ni makoloni yaliyodaiwa, kwa kuwa waliohama ndio waliotuma kwao.

Mama aliyekuwa akingoja kijijini hakuijua hesabu hii hata kidogo. Barua ya kutoka Australia ilichukua kama miezi miwili, na kodi ya nyumba haingoji meli. Siku ilipofika alikwenda posta, akaulizwa ni nani aliyemtumia, akataja jina la mwanawe, karani akamhesabia.