Msimamizi wa Wakfu na Mikataba ya Dhulma



Katika darasa yetu limezuka swali: Kadhi akimweka msimamizi mpya wa wakfu, naye akakuta nyumba zimekwisha kodishwa kwa kodi duni, je, aivunje mikataba hiyo au aiache? Wako wasemao, "Mkataba ni mkataba." Na wako wasemao, "Mali ya wakfu haifungwi na mkataba." Kauli zote mbili zina kasoro.

Kwanza yafaa tujue kuwa msimamizi si mwenye mali. Sayyidna Umar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, alishurutisha isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe. Na msimamizi wake alimruhusu kula kwa wema bila ya kujitajirisha. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj sharti za msimamizi: uadilifu na uwezo wa kazi. Kazi yake ni kuitengeneza mali, kuikodisha, kukusanya mapato na kuwagawia wenye haki. Basi alifanyalo la kuudhuru wakfu hakupewa amri ya kulifanya.

Kutokana na asili hiyo, mikataba ni namna mbili.

Wa kwanza ni ule uliozaliwa na dhulma. Tuseme nyumba za mtaa ule zilikodishwa shilingi 10,000, na msimamizi akaitoa hii kwa 3,000 kwa kuwa mpangaji ni shemeji yake, au kwa kuwa alipokea kilemba kwa siri. Mkataba huu, katika madhehebu yetu ya Shafi, haukusihi tangu mwanzo. Msimamizi mpya aupeleke kwa Kadhi, na mpangaji alipe kodi ya mfano wa nyumba ile kwa muda aliokaa.

Wa pili ni ule uliofungwa kwa haki, kisha kodi za mji zikapanda. Huu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Nawawi, hautanguki, hata akitokea mtu wa kutoa zaidi. Kwani uadilifu wa mkataba hupimwa siku ya kuufunga. Msimamizi na angoje muda wake uishe, kisha akodishe kwa kodi ya wakati huo. Wanavyuoni wa Hanafi walihadhari mapema: nyumba ya wakfu isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja, wala shamba zaidi ya miaka mitatu, ila kwa haja au kwa sharti la mwenye kuweka wakfu.

Mtu akiuliza: "Na mpangaji akiwa maskini?" Tutamjibu: huruma hutolewa katika mali yako, si katika mali ya mayatima na wanafunzi wa chuo. Maskini asaidiwe kwa zaka na sadaka. Na mara ngapi huyo aitwaye maskini huikodisha nyumba ile ile kwa mwingine kwa bei ya soko, akala tofauti yake? Anachokula ni haki ya msikiti na ya yatima.

Kenya ilipata Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 mahali pa ile ya 1951. Lakini sheria haiulindi wakfu ikiwa wajuao wananyamaza kwa kuwaonea haya jamaa zao. Basi kila akaaye katika nyumba ya wakfu na aulize leo: jirani yangu alipa kiasi gani, nami nalipa kiasi gani? Ajibu kabla hajaulizwa na Asiyefichwa kitu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.