TAICHI: SOMO LA KUUSIKILIZA MWILI

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya ngeli wala tashbihi, hizo mtazipata kurasa nyingine. Nataka tujifunze jambo lililotoka mbali, huko Uchina, nalo ni taichi, ile miondoko ya polepole ambayo wengi wetu tumeiona kwenye runinga tukacheka. Mtu mzima anasukuma hewa kana kwamba anasukuma ng'ombe aliyekataa kuamka!

Tuanze na jina. Kwa ukamilifu huitwa taijiquan. Neno "quan" maana yake ni ngumi, kwa hivyo hapo mwanzo huu ulikuwa mchezo wa kupigana. Wanahistoria wengi huufuata hadi kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, kwa ukoo wa Chen wa karne ya 17. Iko hadithi ya mzee wa milimani aliyeubuni baada ya kumwona ndege akipambana na nyoka, lakini hiyo ni ngano tamu tu, kama zetu za sungura. Mwaka wa 1956 serikali ya Uchina ilitoa mtindo mfupi wenye hatua 24, ambazo mtu huzimaliza kwa dakika tano sita hivi. Mtindo huo ndio unaofundishwa mahali pengi leo.

Mawazo yaliyomo yametokana kwa kiasi kikubwa na Utao. Tao ni njia. Kitabu chake maarufu, chenye sura 81, husemekana kuwa cha mzee Laozi. Humo mna fikira za yini na yangi, ambazo watu huzifanya kuwa fumbo kubwa bure. Maana ya asili ni rahisi: yini ni upande wa kilima ulio kivulini na yangi ni upande unaopigwa na jua. Tazama kilima chochote hapa kwetu asubuhi. Upande mmoja unang'aa, mwingine umande bado haujakauka. Jioni mambo yamegeuka, na kilima ni kile kile. Katika taichi mguu mmoja hubeba uzito na mwingine huwa mtupu, kisha hubadilishana pole pole. Kujua ni mguu upi unaokubeba sasa hivi ndiyo hatua ya kwanza ya somo. Hebu jiulize ukiwa gwarideni Jumatatu. Aghalabu hatujui!

Sasa tufike penye utata. Nyanya yangu ni mtu wa kanisa. Siku moja alinikuta nyuma ya jikoni nimesimama kimya, mikono mbele.

"Mjukuu wangu, unamwomba nani huko?"

"Simwombi mtu, nyanya. Najifunza kusimama."

"Kusimama ulijua ukiwa na mwaka mmoja. Njoo ubebe maji."

Nilicheka, lakini swali lake si la kupuuzwa. Utao kama dini upo, una makuhani na mahekalu, na ni mojawapo ya dini tano zinazotambuliwa na serikali ya Uchina. Anayefundisha taichi shuleni asifiche asili hiyo. Hata hivyo, kujua chanzo cha kitu si kukiabudu. Chukueni isukuti yetu, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Huchezwa arusini na matangani. Lakini wanafunzi wanapoicheza katika Tamasha la Muziki la Kenya, hakuna anayezika wala anayeoa. Wanajifunza utamaduni na kutafuta alama. Vivyo hivyo, Mkristo au Mwislamu anaweza kujifunza taichi kama mazoezi na elimu, mradi asilazimishwe. Na asiyetaka aachwe akacheze kandanda.

Isukuti inanigusa kwa sababu nyingine. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Taichi nayo iliingia mwaka wa 2020, lakini katika orodha ile nyingine, ya turathi zinazowakilisha ubinadamu. Mnaona tofauti? Ya wenzetu hufanywa na mamilioni ya watu, wazee kwa vijana, bustanini alfajiri. Yetu, yenye ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu ya pembe, inahesabiwa kama mgonjwa mahututi. Mimi sioni sababu ya kuchagua moja. Aliyejifunza kuusikiliza mwili wake kwa taichi atasikia vizuri zaidi mabega yanavyodaiwa na isukuti.

Haya, tufanye zoezi. Linaitwa kusimama kama mti, na sisi tuliokaa karibu na msitu wa Kakamega hatuna udhuru. Tenganisha miguu kwa upana wa mabega. Legeza magoti, usiyakaze. Kichwa kikae kama cha mama aliyejitwika mtungi wa maji: shingo imenyooka, macho mbele, mabega yameshuka. (Kumbe nyanya alikuwa na haki kunituma maji!) Inua mikono kana kwamba umekumbatia shina la mti. Pumua kwa pua, tumbo lijae kwanza. Dakika mbili zatosha siku ya kwanza, na mapaja yatakwambia.

Kisha weka vidole kwenye kifundo cha mkono usikilize mpwito. Ukivuta pumzi moyo huenda mbio kidogo, ukiitoa polepole hupunguza mwendo. Hiyo ni baiolojia wala si uchawi, na inafaa kabla ya karatasi ya hesabu. Mwaka wa 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Lakini asije mtu akaacha dawa za malaria eti anakumbatia mti!

Anayetaka kujaribu atukute chini ya mwembe nyuma ya maabara, kila Jumatano baada ya michezo. Muhula ujao tunamtafuta mzee wa kutufundisha isukuti mahali hapo hapo. Mwenye babu anayejua kuzipiga ngoma zile amwone mwalimu mlezi wa chama.