Mshale Unaelekea Wapi?

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, kuna swali la Baiolojia linasumbua sana darasani: mshale kwenye mnyororo wa chakula unaelekea wapi? Wengi huchora kutoka kwa simba kwenda kwa swala, kwa kuwa simba ndiye anayemkimbiza mwenzake. Sivyo. Mshale unafuata nishati, na nishati inatoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Basi.

Chukua Ziwa Victoria. Jua linapiga majini, mwani mdogo unatengeneza chakula kwa usanisinuru. Vijidudu vinavyoelea vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, sangara anakula dagaa. Halafu tunakuja sisi.

Sasa kila hatua ina makato, tena makato makubwa kuliko yale tunayoyalalamikia bumu likitoka. Dagaa anapumua, anaogelea, anatoa kinyesi. Sehemu kubwa ya alichokula inapotea kama joto. Kwa makadirio ya kawaida, kama asilimia 10 tu ndiyo inayofika hatua inayofuata, ingawa kiwango hiki hupanda na kushuka. Mwani ukiwa na kilojuli 10,000, vijidudu vinapata 1,000, dagaa 100, sangara 10. Ndiyo maana ni nadra minyororo kuzidi hatua tano.

Hapa wanafunzi huchanganya jambo. Bakteria na kuvu hurudisha madini, yakatumika upya. Joto lililopotea halirudi. Lazima jua liwake tena kesho.

Hesabu hizi zina mwenyewe: Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza kiziwa kimoja huko Minnesota. Wahakiki waliikataa makala yake mwanzoni. Ilitoka 1942, naye alikuwa ameshafariki mwaka huohuo, akiwa na miaka 26. (Wewe uliyerudishiwa pendekezo la utafiti, usikonde.)

Turudi ziwani. Dagaa wengi wa pale husagwa kuwa chakula cha mifugo, hasa kuku. Maana yake tumeongeza hatua, na kuku naye ana mwili wa kuupasha joto usiku na mchana kabla hajanenepa. Ukifika darasani waulize watoto: kilo moja ya dagaa ikienda moja kwa moja kwenye ugali, na nyingine ikapitia kwa kuku kwanza, ipi itashibisha watu wengi zaidi? Waache wabishane, kisha wachore mishale.