Wakristo wa Mwanzo Walielewaje Kifo cha Yesu? Tujue Kabla ya Kujibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Makala hii imetokana na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita nilipewa nafasi ya kuzungumza katika darsa letu la baada ya Alasiri, mada ikiwa ni wokovu katika Uislamu na katika Ukristo. Nikasimama nikasema kwa sauti ya juu kwamba Wakristo wote, tangu siku ya kwanza, wanaamini kuwa Mungu aliwakasirikia watu, akataka damu, akamwadhibu asiye na hatia ili hasira yake itulie. Takbira zikapigwa. Nikaketi nimefurahi.

Nyuma ya ukumbi alikuwapo kijana mmoja Mkatoliki tunayesoma naye somo la historia. Alikuwa amealikwa na mmoja wetu. Tulipotoka alinisubiri mlangoni, akaniambia bila ukali, "Ndugu yangu, hayo uliyosema si niliyofundishwa kanisani kwetu. Umeyasoma wapi?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Nilikuwa nimeyasikia kwa wahubiri wa kwenye vituo vya teksi hapa Uganda, na katika mihadhara iliyorekodiwa ambayo sote tunarushiana kwenye simu. Sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja cha Wakristo wa karne za mwanzo. Mimi ninayesoma masomo ya Kiislamu, ambaye walimu wangu hawachoki kunikumbusha umuhimu wa isnadi, nilisimama mbele ya watu nikasema neno lisilo na isnadi.

Basi nikaenda maktaba. Yafuatayo ni niliyoyapata. Nitatumia jina "Yesu" au "Kristo" pale ninapoeleza itikadi yao, kwa sababu ndivyo wanavyosema wenyewe. Itikadi yetu sisi kuhusu Nabii Isa (a.s.) nitaitaja mwishoni.

1. Walikubaliana juu ya jambo, hawakufafanua namna yake

Maandishi ya Kikristo ya zamani zaidi yaliyopo ni nyaraka za Paulo, ambazo wanahistoria huziweka takriban kuanzia mwaka 50. Wengi wetu husema Paulo ndiye aliyezua habari ya kufa kwa ajili ya dhambi. Lakini katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, yeye mwenyewe anasema kwamba aliipokea habari hiyo, yaani aliikuta kwa waliomtangulia. Tunaweza kuikataa habari yenyewe. Ila anayesema "ni ya Paulo peke yake" inampasa kwanza alijibu andiko hilo.

Sasa, kifo hicho kinaokoaje? Hapo Agano Jipya halitoi maelezo mamoja. Linatoa mifano kadhaa, kila mmoja umetoka mahali pake. Injili ya Marko 10:45 inatumia neno fidia, neno la kumkomboa mateka au mtumwa. Waraka kwa Waebrania unatumia mfano wa hekalu: kuhani mkuu wa Kiyahudi anayeingia patakatifu na damu ya kafara katika Siku ya Upatanisho, kama inavyoelezwa katika Mambo ya Walawi 16. Wakorintho wa Kwanza 5:7 inamlinganisha Kristo na mwanakondoo wa Pasaka, ambaye Wana wa Israili walimchinja usiku wa kutoka Misri. Wakolosai 2:15 inazungumza lugha ya vita na ushindi. Na Warumi sura ya 5 inamweka Adam upande mmoja na Kristo upande wa pili.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mifano hii iliachwa hivyo kwa muda mrefu. Maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, walibishana sana juu ya Yesu ni nani. Katika kanuni yao ya imani waliandika kwamba alikuja na kusulubiwa kwa ajili ya watu na kwa wokovu wao. Kuhusu namna msalaba unavyoleta wokovu huo, hawakutoa tamko.

2. Irenaeus: Adam wa pili

Irenaeus alikuwa askofu wa Lyon, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Takriban mwaka 180 aliandika vitabu vitano vya kuwajibu watu aliowaona wazushi. Maelezo yake yanaanzia kwa Adam. Kwa maoni yake, Adam aliiharibu safari ya wanadamu kwa kuasi, na Kristo akaipita njia ileile upya kwa kutii. Alipita utotoni, ujanani na utu uzimani ili atakase kila umri. Adam aliasi kwenye mti, Kristo akatii juu ya mti, yaani msalaba.

Tazama hapo: kifo ni hatua ya mwisho ya utii wa maisha mazima. Kinachookoa kwa Irenaeus si saa za msalabani peke yake, na picha ya Mungu anayetafuta mtu wa kumwadhibu siyo nguzo ya maelezo yake.

3. Fidia: alilipwa nani?

Ukisema "fidia", swali linakuja lenyewe: imelipwa kwa nani? Origen wa Alexandria, aliyefariki takriban mwaka 253, alilikabili swali hilo katika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo. Akasema haikulipwa kwa Mungu. Aliyekuwa amewashika watu mateka ni yule mwovu, basi yeye ndiye aliyepewa. Lakini alidanganyika, kwa kuwa hakuweza kuishikilia roho aliyoipokea.

Katika karne ya 4 Gregory wa Nyssa aliongeza mfano wa mvuvi: uungu ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, shetani akameza chambo akanasa. Augustine, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, yeye alitumia mfano wa mtego wa panya.

Je, wote waliridhika? Hapana. Gregory mwingine, wa Nazianzus, rafiki wa huyo wa Nyssa, alipinga katika hotuba yake ya Pasaka. Kwake ilikuwa ni aibu mnyang'anyi alipwe, tena alipwe thamani kubwa kiasi hicho. Kisha akauliza: na kama kalipwa Baba, kwa nini, ilhali siye aliyetuteka? Tena Baba hakumpokea hata Isaka alipotolewa na Ibrahim, bali aliweka kondoo mahali pake. Maneno haya yaliandikwa na askofu anayeheshimiwa mno na makanisa ya Mashariki. Mimi nilidhani pingamizi kama hizo ni sisi Waislamu tu tunaozitoa.

4. Athanasius: kwa nini toba haikutosha?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo swali letu lilipo. Kila siku tunawauliza Wakristo: ikiwa Mungu ni Mwingi wa kusamehe, si angepokea toba tu? Athanasius wa Alexandria, aliyefariki mwaka 373, aliliuliza swali hilo yeye mwenyewe katika kitabu chake juu ya Neno kufanyika mwili. Yaani liliulizwa na kujibiwa karne mbili na zaidi kabla ya kuteremshwa Qur'an.

Jibu lake ni hili. Lingekuwa ni kosa peke yake, toba ingetosha. Lakini, kwa maoni yake, kuasi kulimtia mwanadamu katika uharibifu na mauti, na hayo yameingia katika maumbile yake. Toba inamfanya mtu aache dhambi, ila haimwondolei mauti. Tena Mungu alikwisha sema kwamba atakayeasi atakufa, na kauli yake haiwi uongo. Na kuwaacha viumbe wake waangamie hakulingani na wema wake. Kwa hiyo, anasema, Neno alivaa mwili unaoweza kufa, mauti yakamalizia nguvu zake juu ya mwili huo, na kwa ufufuo wanadamu wakapewa uhai usioharibika. Anatoa mfano wa mabua: mabua huogopa moto, lakini ukiyafunika kwa kitu kisichoungua hayauogopi tena.

Kwa hiyo tatizo analolitazama Athanasius zaidi ni ugonjwa wa mauti, na msalaba kwake ni sehemu ya dawa. Mwenye kumjibu kwa kusema tu "Mungu anasamehe" hajamfikia bado.

5. Basi niliyoyasema mimi yalitoka wapi?

Mwaka 1098, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu, Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, alimaliza kitabu kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Alieleza dhambi kuwa ni kumnyima Mungu heshima anayostahiki, na kifo cha Kristo kuwa ni malipo ya kurudisha heshima hiyo. Hata yeye alisema ni ama malipo ama adhabu. Kwake Kristo alitoa malipo ili adhabu isiwepo. Katika karne ya 16, kwa wanamageuzi wa Kiprotestanti kama Calvin, ambaye alisomea sheria, ndipo maelezo ya kwamba Kristo alibeba adhabu ya wenye dhambi yalipokamilika na kushika nafasi ya mbele.

Tuwe waadilifu hapa pia. Wanaoshika maelezo hayo wanasema yana mizizi katika Isaya 53 na katika baadhi ya maneno ya Mababa wa Kanisa, kwani hata Athanasius anataja deni lililopaswa kulipwa. Wakristo wenyewe wanajadiliana juu ya hilo. Msomi wa Sweden, Gustaf Aulén, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931, alitetea kwamba maelezo ya ushindi juu ya dhambi, mauti na shetani ndiyo ya asili. Wengine hawakukubaliana naye. Lakini neno langu la "wote, tangu siku ya kwanza" halikuwa kweli.

6. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiifanye tofauti yao kuwa ndiyo hoja. Nilipomsimulia ndugu mmoja wa chama chetu haya niliyoyasoma, alisema haraka, "Umeona? Hawajui hata wanachoamini!" Nikamkumbusha Suratun-Nisaa aya ya 157. Sisi tumekubaliana kwamba Nabii Isa (a.s.) hakuuawa wala hakusulubiwa, bali walifananishiwa. Lakini fungua tafsiri ya Imam at-Tabari uone riwaya mbalimbali juu ya namna walivyofananishiwa na nani aliyetiwa mfano wake. Je, kutofautiana juu ya namna kumelibatilisha jambo lenyewe? Hatukubali. Basi fimbo tusiyotaka itupige sisi, tusiiinue juu ya wengine.

Pili, jibu lilingane na anayejibiwa. Qur'an inafundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine (6:164). Hoja hiyo inamfikia moja kwa moja anayesema Kristo alibeba adhabu yetu. Kwa Irenaeus na Athanasius, mazungumzo inabidi yaanzie kwa Adam: je, kosa lake liliharibu maumbile ya kizazi chake? Sisi tunaamini Adam alipokea maneno kutoka kwa Mola wake naye akamtakabalia toba (2:37), na kwamba kufa ni mpango wa Allah kwa viumbe wake. Hapo ndipo tunapoachana nao kikweli, na hapo ndipo penye mazungumzo yenye faida.

Tatu, huu ndio mwendo wa maulamaa wetu. Imam al-Ghazali aliandika kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa kabla ya kuandika cha kuwavunja. Al-Biruni aliandika dini za watu wa India kwa kutoa maneno yao kama wanavyoyasema. Hawakuona kwamba kumwelewa mtu ni kumfuata.

Ndugu yule aliniambia pia, "Wewe sasa unawasaidia wao." Nilifikiri sana juu ya kauli hiyo, maana iliniuma. Jibu langu ni Suratul-Maida aya ya 8: Allah ametuamrisha tuwe mashahidi wa uadilifu, hata kwa watu tusiopatana nao. Kumsingizia mtu asilolisema si kuitetea dini.

Wiki iliyofuata niliomba dakika tano kwenye darsa, nikasahihisha niliyoyasema. Safari hii takbira hazikupigwa. Yule mwenzangu Mkatoliki nilimpa muhtasari huu ausome kabla ya kuuleta gazetini. Alirekebisha sehemu mbili, kisha akakiri kwamba hakuwahi kujua kuwa Athanasius aliuliza swali la toba. Bado hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana. Lakini sasa tunajua tunatofautiana katika nini.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Ni kauli gani kuhusu Wakristo tunazozirudia kwenye darsa zetu bila kujua zimetoka wapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusema dhambi ni deni, ni utumwa, na ni ugonjwa? Qur'an inalielezaje kosa la Adam (a.s.) na toba yake?
3. Ungependa Mkristo aeleze vipi itikadi yako mbele ya wenzake usipokuwapo?

Nimuombe Allah (s.w.) anisamehe nilipokosea, na atujaalie tuwe wakweli tunapowasema wengine. Amin.

Wallahu a'lam.