Askari wetu wa udongo wanapasuka

*Mimi na mwanangu tunafinyanga askari wadogo wa China ya kale, wa mchezo wa vita mezani. Wakikauka wanapasuka. Tunakosea wapi? – Msomaji, Mwandoya, Meatu*

Ndugu msomaji, mikono yenu haina kosa. Tatizo ni udongo. Ule mweusi wa mbugani hunywa maji ukavimba, kisha husinyaa sana ukikauka. Changanyeni mchanga laini uliochekechwa, au unga wa vigae vya chungu kilichovunjika. Kaushieni kivulini, taratibu, kabla ya kuchoma. Miili minene ikombwe ndani: hata askari wa udongo wa mfalme wa China ya kale, Qin Shi Huang, waliogunduliwa na wakulima wakichimba kisima karibu na Xi'an mwaka 1974, wana viwiliwili vyenye uwazi. Rangi ifuate baada ya moto. Wakiendelea kupasuka, mpelekeeni mfinyanzi wa karibu donge la udongo huo aushike.