Mkiachana, Daftari Kwanza: Vidokezo 7 kwa Wanandoa wa Kitui na Makueni

Mmoja kahamia Wote, mwingine kabaki na shamba. Talaka bado, ila karo inadaiwa na Sacco inakata mkopo wake kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tafuteni daftari na kalamu kungali na maelewano.

1. Orodhesheni vyote, hata punda. Ploti na pikipiki hazisahauliki. Kinachosahaulika ni tangi la maji, mizinga ya nyuki, magunia ya ndengu na zamu ya chama inayokuja. Mkihesabu miembe, ya kienyeji iandikwe kando na ya kupandikiza, maana bei zake sokoni si moja.

2. Madeni yapewe ukurasa wake. Nani alikopa, kiasi gani, kwa kazi gani? Deni lililochukuliwa kwa faida ya familia, kisheria ni lenu nyote wawili. Lililoishia kwenye kubashiri mpira ni hadithi nyingine.

3. Jina kwenye hati si mwisho wa mambo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kupika, kulea watoto na kulima kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mtu aonyeshe alichochangia. Basi usitupe risiti za mabati wala kufuta ujumbe wa M-Pesa.

4. Malipo yafuate msimu. Mwenye mshahara anaweza kuahidi kila mwisho wa mwezi. Anayetegemea maembe au ndengu akiahidi hivyo, atavunja ahadi kabla mvua haijanyesha. Andikeni kiasi kikubwa baada ya mavuno na kidogo cha unga na sabuni miezi ya kiangazi. Mvua ikikosa je? Hilo nalo liandikwe.

5. Watoto si mali ya kugawana. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Nani analipa karo, nani ananunua sare, nani anampeleka mtoto hospitalini? Afisa wa watoto anaweza kuwasaidia kuyaandika.

6. Waiteni wazee, lakini msiishie kwao. Kama ndoa ilifungwa kimila, kwa mbuzi wa ntheo, waliokula mbuzi hao wana haki ya kusikia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu usuluhishi wa kimila kabla ya korti kuamua. Ila neno lililosemwa chini ya mti halibadilishi hati ya shamba.

7. Tieni sahihi mbele ya mashahidi, na kila mmoja awe na wakili wake. Shamba la kilimo likihamishwa, lazima bodi ya ardhi iidhinishe. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzako kwa maandishi, hata kama mmeshatengana. Na usifiche ng'ombe kwa shemeji: likigundulika, makubaliano yote yanaweza kubomoka kortini.

Mkimaliza, pitia kwenye Sacco yako. Jina la mrithi uliloandika siku za mapenzi bado liko palepale.